Zamu isiyo na wa kukabidhiwa: uchambuzi wa kisa cha sajini mstaafu wa Kahawa West

Usiku mmoja wa mvua kubwa, Aprili 2025, transfoma ya umeme ililipuka kwenye nguzo iliyo nyuma ya jengo moja la orofa nne mtaani Kahawa West, na mtaa mzima ukaingia gizani. Majirani walitoka kwenye roshani, wakalalamika kidogo, wakarudi kulala. Katika nyumba moja ya orofa ya pili, mwanamume wa miaka 44 alikuwa tayari amewatoa watoto wake wawili vitandani, amewalaza kifudifudi kwenye ujia mwembamba kati ya jikoni na vyumba vya kulala, na amemlalia bintiye wa miaka tisa ili amkinge kwa mwili wake. Hakuruhusu mtu aongee wala awashe tochi ya simu. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka 15, alipojaribu kuinuka, alimvuta mkono kwa nguvu hadi bega likateguka. Walikaa hivyo karibu saa mbili. Wiki iyo hiyo mkewe alimleta ofisini kwangu, akasema mbele yake, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuficha: "Baba Watoto ni mtu mzuri, madamu, lakini kwetu nyumbani hatuna baba tena. Tuna lindo."

Ninakiandika kisa hiki kwa idhini yao wote wawili. Nimebadilisha mambo machache yanayoweza kumtambulisha, lakini mwendo wa kazi yetu ni ule ule, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe mwanzoni. Sababu ya kukiandika ni moja. Sisi washauri nasaha, askari mstaafu anapoketi mbele yetu, tunakimbilia vita alivyopigana, kana kwamba ugonjwa wote umelala huko. Mtu huyu alinionyesha kwamba kilichomlemea zaidi kilikuwa hapa hapa Nairobi: alikuwa amelinda kwa miaka 22, na alipotoka hapakuwa na mtu wa kupokea zamu yake.

Alijiunga na jeshi mwaka 2001, akapitia mafunzo ya kuruti Eldoret, akatumikia kikosi cha askari wa miguu na kustaafu mwaka 2023 akiwa sajini. Kenya iliingiza majeshi yake Somalia Oktoba 2011, na mwaka uliofuata majeshi hayo yakaunganishwa na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Yeye alipelekwa huko mara mbili. Katika safari ya pili, gari lililotangulia msafara wao lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani. Rafiki yake wa tangu siku za kuruti alifariki papo hapo. Yeye, aliyekuwa juu ya gari la nyuma, aliangushwa na mshindo, akapoteza fahamu kwa dakika kadhaa, na mazishi ya rafiki yake yakafanyika Kitui yeye akiwa bado kitandani hospitalini Nairobi. Asubuhi ile walikuwa wamebadilishana magari. Jambo hilo la mwisho sikulijua mpaka mwezi wa tatu wa kazi yetu.

Alipostaafu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake iliishia katika shamba ambalo muuzaji alikuwa amewauzia watu wengine pia. Akachukua kazi ya kulinda ghala Eneo la Viwanda, usiku, saa kumi na mbili mfululizo. Hapo ndipo alipoanza kuitwa "soja". Msomaji wa Nairobi anajua neno hili halimhusu mwanajeshi tena, ingawa lilianza kama jina lake. Soja ni mlinzi wa lango, anayefungua geti dereva akipiga honi. Mtu aliyeitwa afande na vijana wa platuni nzima alikuwa sasa akiitwa soja na dereva wa lori mwenye umri wa kuwa mwanawe, na aliniambia kwamba neno hilo lilimuuma kuliko mshahara wenyewe. Mji wetu umeyahifadhi majina ya askari na wapagazi wake wa zamani. Kariokor ni umbo letu la Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na soko la Burma limebeba jina la nchi walikopigana Waafrika wengi katika Vita vya Pili. Majina yamebaki sokoni na kwenye vituo vya matatu. Namna ya kuwapokea watu wenyewe wanaporudi, bado tunaitafuta.

Siku ya kwanza alifika dakika 20 kabla ya wakati, viatu vimeng'arishwa hadi vikaakisi taa. Kabla ya kuketi alikisogeza kiti chake hadi pembeni ili auone mlango na dirisha kwa pamoja. Nilimuuliza kama angependa nami nikisogeze changu ili nisimzibie. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Asante, madamu. Kila mtu huniambia nitulie." Tangu siku hiyo viti vilikaa hivyo, na sikukichukulia kiti chake kuwa dalili ya kuondolewa haraka. Nilipomuuliza anapenda aitwe nani, alikataa kuitwa afande, kwa kuwa alihisi hastahili tena, na alikataa mzee. Tulikubaliana nimwite Baba Watoto, kama anavyoitwa nyumbani.

Nilimpa dodoso la PCL-5, ambalo lina maswali 20 kuhusu dalili za kiwewe na alama za juu kabisa ni 80. Kwa kawaida alama 31 hadi 33 hutosha kumfanya mshauri aombe uchunguzi kamili. Alipata 54. Katika AUDIT, dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani kuhusu pombe, ambapo alama 8 tayari ni onyo, alipata 18. Madodoso haya hayaupi ugonjwa jina. Hiyo ni kazi ya daktari wa akili, na nilimwelekeza kwake. Nilimuuliza pia waziwazi kama amewahi kutaka kufa. Alinyamaza, kisha akauliza kama jibu lake lingepelekwa kwa polisi. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai kwa mujibu wa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilimweleza hayo, ndipo akasema ndiyo, mawazo humjia alfajiri akitoka kazini, anaposimama kando ya Barabara ya Thika akiyatazama malori. Tuliandika pamoja kikaratasi cha usalama: ishara zinazotangulia mawazo hayo, njia atakayopita ambayo haimfikishi barabarani peke yake, na watu wawili atakaowapigia simu. Mkewe alibaki na nakala. Kuhusu kijana, tulikubaliana akae kwa shangazi yake Ruiru hadi bega lipone na hadi yeye mwenyewe atakapotaka kurudi, na baba hakupinga.

Sasa kosa langu. Katika kikao cha pili nilimwomba anisimulie siku ya bomu. Nilijua kwamba tiba zenye ushahidi, kama ile ya kuikabili kumbukumbu hatua kwa hatua iliyoasisiwa na Edna Foa, humtaka mtu aisimulie kumbukumbu yake, nikadhani kuanza mapema ni kumwokolea muda. Alisimulia kama anayetoa ripoti: saa, umbali, idadi ya magari. Sauti haikubadilika hata mara moja, nami nikaudhania utulivu ule kuwa nguvu. Hakurudi kwa wiki tatu. Mkewe aliniambia amekuwa akinywa tangu asubuhi, na kwamba rafiki mmoja alimpa vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, dawa ambazo miongozo mingi ya tiba ya kiwewe haizipendekezi, na ambazo zikichanganywa na pombe zinaweza kumzimisha mtu pumzi. Nilikuwa nimemfungua kidonda mtu asiyelala, anayelewa, asiye na mahali pa kujisitiri. Nilimpigia simu, nikamwomba radhi bila kuzungukazunguka, nikamwahidi kwamba hatutairudia habari ile hadi yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Alirudi.

Tukaanzia mwilini. Daktari alimsimamia kuviacha vile vidonge, akampima shinikizo la damu, akamuuliza kuhusu maumivu ya kichwa na usahaulifu, kwa kuwa mshindo wa bomu unaweza kuuathiri ubongo bila kuacha kovu, na dalili zake hufanana sana na za kiwewe. Akampeleka pia kupimwa masikio. Sikio la kushoto lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya usikivu, na ule mlio mwembamba alioudhania kuwa mawazo yake mwenyewe ulikuwa wa sikio.

Ninaomba msomaji akae nami hapa kidogo, maana jambo hili dogo lilibadilisha nyumba ile kuliko maneno yangu yote. Kwa miaka kadhaa watoto walikuwa wakiamini baba yao anawafokea. Alikuwa akipaza sauti kwa sababu haisikii vizuri sauti yake mwenyewe. Binti alipozungumza akiwa upande wa kushoto, baba hakujibu, na binti akajifunza kwamba baba hamtaki. Mke alipouliza jambo akiwa jikoni, alijibiwa jingine, akadhani amedharauliwa. Nilipowaeleza haya wakiwa wote pamoja, isipokuwa kijana, yule binti aliinuka kwenye kiti, akazunguka nyuma ya baba yake, akasimama upande wa kulia, akasema polepole, "Baba, unanisikia hapa?" Akajibiwa, "Nakusikia, mama." Mkewe alitoka nje kwa dakika kumi.

Jambo la pili lilikuwa usingizi. Alikuwa akitafuna muguka ili akeshe kazini, anakunywa pombe asubuhi ili alale, na usiku wa mapumziko anazunguka nyumba mara sita au saba akikagua komeo na madirisha. Nilijaribu kwanza ushauri wa kawaida: aamke saa ile ile kila siku, kitanda kiwe cha kulala tu, na usingizi usipokuja baada ya dakika 20 hivi aondoke kitandani akakae penye mwanga hafifu. Kuamka kwa saa maalumu kulimjia kama maji, kwa kuwa jeshini alilelewa na saa. Kukagua milango kulimshinda kabisa. Kumwambia mtu kama huyu kwamba mlango umefungwa hakumsaidii, kwani anajua umefungwa. Anachotaka kujua ni nani yuko macho.

Nilimuuliza zamu hukabidhiwaje jeshini. Akanieleza kwa uchangamfu ambao sikuwa nimeuona kwake: mlinzi haondoki lindoni mpaka anayempokea afike, aelezwe hali ilivyo, akubali kwa mdomo wake. Akiondoka kabla ya hapo amefanya kosa kubwa. Nikamuuliza, "Sasa wewe ulipotoka jeshini, ulimkabidhi nani?" Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Tuliunda utaratibu kutokana na jibu hilo, na wazo lake kuu lilikuwa lake, si langu. Saa nne usiku huzunguka nyumba mara moja tu, kwa mpangilio usiobadilika. Kisha hushuka ngazi hadi langoni kwa mlinzi wa ploti, kijana anayeitwa soja na wapangaji wote, akamuuliza hali. Kijana humjibu: geti limefungwa, gari fulani halijaingia, taa ya nyuma imeungua. Yeye husema, "Zamu ni yako," na kijana hujibu, "Nimeipokea, afande." Hapo hupanda kulala. Wiki ya kwanza alishuka mara tatu kwa usiku mmoja. Wiki ya nne alishuka mara moja. Yule kijana, niliambiwa baadaye, alinunua daftari kwa pesa zake akaanza kuandika anayokabidhiwa.

Wapo watakaosema kwamba hili ni kuendeleza ugonjwa, kumwacha mtu acheze jeshi nyumbani. Nililifikiria sana. Jibu langu ni kwamba kukagua mara saba ni hofu isiyo na mwisho, na kukabidhi mara moja ni kazi yenye mwisho. Mwili wake uliijua tofauti hiyo kabla yangu. Wengi wetu humtaka mstaafu auvue uaskari kama gwanda. Nidhamu, uangalifu na kuwajibika kwa wenzake ndivyo alivyojengwa navyo tangu akiwa na miaka 20, na ukivikusanya vyote ukavitupa, utabaki na mtu asiye na kitu cha kushikilia. Kilichofaa ni kuvitafutia mahali na saa.

Kazi ya usiku ilibidi iachwe, maana hakuna tiba ya usingizi inayoweza kushindana na saa kumi na mbili za lindo na muguka. Alipata nafasi ya kutunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, mchana, kwa mshahara uliopungua kidogo. Aliipanga stoo ile kama ghala la kikosi, kila msumari na namba yake, na mwenye duka akaacha kumsimamia.

Kuhusu wenzake wastaafu, lazima niseme wazi kwamba si kila mkusanyiko wao unaponya. Kundi alilokuwa nalo lilikutana baa karibu na kambi, na kila jioni walirudia vita vile vile na chupa zile zile. Watu hao aliwapenda, na kumtaka awakatae kungekuwa ukatili, kwa hiyo tulibadilisha mahali na saa: Jumamosi asubuhi, chai na mandazi, na chama kidogo cha kuchangiana. Wanne kati ya saba walikubali. Mmoja wao alikuwa mwanachama wa DEFOCA, chama cha wanajeshi wa zamani wa Kenya, akaanza kuwasomea wenzake Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022, kwa kuwa kadhaa hawakujua hata kwamba ipo. Pombe haikukoma kwa siku moja. Ilishuka, ikapanda wakati wa mvua za Novemba radi zilipoanza, ikashuka tena.

Barabarani tulikwenda hatua kwa hatua. Aliogopa vifurushi vilivyotupwa kando ya njia, kwa kuwa huko alikotoka kifurushi kando ya njia ni kifo, na alikuwa akitembea katikati ya barabara, magari yakimpigia honi. Tuliorodhesha hofu zake kuanzia ndogo, kila moja akiipa alama kutoka 0 hadi 10. Kwanza kusimama mita 20 kutoka kwenye gunia la taka kwa dakika 15 bila kuondoka, hadi mapigo ya moyo yashuke yenyewe. Kisha mita kumi. Kisha kukaa kiti cha katikati ndani ya matatu, si karibu na mlango. Kisha soko la Githurai jioni, pamoja na mkewe, kununua nyanya tu na kurudi. Siku ya Githurai alirudi na nyanya zilizopondeka mkononi kwa jinsi alivyozishika, lakini alirudi nazo.

Mwezi wa tatu wa kazi yetu alisema yuko tayari. Safari hii alisimulia taratibu, akirudi nyuma, akilia, na ndipo nilipoisikia habari ya kubadilishana magari. Redio ya gari la mbele ilikuwa imeharibika, na rafiki yake alibeba redio nzima. Yeye, kama sajini, ndiye aliyemwambia ahamie mbele. Miaka yote hiyo alijihesabu kuwa muuaji. Sikumwambia hana hatia, maana mkewe na kasisi walikwishamwambia bila kufaulu. Nilimpa karatasi, akaigawa kwa mstari: upande mmoja akaandika alichokijua saa kumi na mbili asubuhi, upande wa pili alichokijua saa nne. Upande wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu: msafara hauwezi kwenda bila redio mbele, huyu ndiye mwenye redio, njia imekaguliwa jana. Alikaa na karatasi ile kwa muda mrefu. Akasema, "Amri hiyo ningeitoa tena." Kisha, "Lakini mama yake sijamwambia."

Walikwenda Kitui Desemba, yeye na mkewe, na sukari, unga na blanketi. Alikuwa amejitayarisha kwa laana. Mama wa marehemu aliwapokea, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Siku hiyo, alikuwa amekula?" Akaweza kumjibu kwamba ndiyo, chai ya rangi na chapati mbili, na ya pili aliichukua kutoka sahani yangu, mama.

Alipojaza PCL-5 tena Januari 2026 alipata 27. Bado huamka na jinamizi mara moja au mbili kwa mwezi, bado hukaa pale anapoona mlango, na kifaa cha kusaidia kusikia bado hajakipata kwa sababu ya bei. Kijana amerudi nyumbani. Huzungumza na baba yake kwa heshima, kwa maneno machache, akisimama upande wa kulia, na transfoma ikinguruma huweka mkono begani. Wiki iliyopita alinipigia simu mwenyewe akaomba kikao chake peke yake, akauliza kama baba ataambiwa atakayoyasema. Nilimjibu kwamba la, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Atakuja Alhamisi, baada ya shule.